Valencia kwa saa: jinsi ya kupanga matembezi, sherehe na safari za siku moja

Kila mgeni anayenipigia simu kuniambia anakuja Valencia huwa ameshaandaa orodha ya sehemu za kuona. Orodha hiyo siitaki kwanza. Nauliza: unafika siku gani, na unaondoka lini? Mji huu unaendeshwa na saa kuliko ramani. Ukija Jumapili, Mercado Central, soko kuu, imefungwa. Ukija Jumatatu, makumbusho mengi na hata ngome za miji ya jirani zimefunga milango. Ukitaka paella, wali maarufu wa hapa, saa mbili usiku utaipata, ila utakula na watalii wenzako tu. Na ikikupita Alhamisi saa sita mchana, kuna jambo hutaliona mpaka wiki ijayo.

Kwa hiyo nitakuelekeza kwa siku na saa. Saa ninazotaja ni za Kiswahili; tiketi na mabango ya huku ni ya mtindo wa saa 24, na saa nane mchana utaikuta imeandikwa 14:00. Hakikisha hapo, maana treni haimsubiri mtu.

Jambo la viza nilimalize mapema. Hispania iko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kuliko siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000. Anayekuja kwa ajili ya Fallas, sherehe ya moto ya Machi, asingoje Februari.

Alhamisi, mji mkongwe

Ukiweza, Alhamisi yako iwe ya katikati ya mji. Fika Mercado Central saa mbili asubuhi, kabla vikundi vya watalii havijaziba njia. Jengo hilo la chuma, vioo na vigae lilifunguliwa mwaka 1928, na bado ni soko la watu: mabibi wa mtaani wanakuja na vitoroli vyao, muuza samaki anawajua kwa majina, na kwenye beseni mikunga hai wanajipindapinda ndani ya maji. Usiguse matunda. Onyesha, sema unataka kiasi gani, muuzaji akuchagulie. Dada yangu aliminya parachichi siku yake ya kwanza, akaangaliwa jicho ambalo halikuhitaji mkalimani. Soko linafungwa saa tisa alasiri.

Ng'ambo ya barabara ipo Lonja de la Seda, jumba lililojengwa kuanzia miaka ya 1480, ambako wafanyabiashara walipatana bei za hariri. UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1996. Watu wote hupiga picha nguzo zake zilizosokotwa, wakasahau kuangalia juu ya kuta. Kuna maandishi ya Kilatini yanayozunguka ukumbi mzima, yanamwambia mfanyabiashara kwamba asiyedanganya na asiyekula riba atapata utajiri na uzima wa milele. Walimwekea mahali ambapo hawezi kusema hakuona.

Saa nne na nusu mji mzima unakula. Si chai ya asubuhi wala si chakula cha mchana. Ni mlo wenyewe kabisa, esmorzaret, wa mkate mrefu uliojazwa, zeituni, karanga, na mwisho kahawa. Kahawa maarufu ya hapa, cremaet, ina ramu iliyochomwa moto, kwa hiyo asiyekunywa pombe aagize cortado, kahawa yenye maziwa kidogo. Asiyekula nguruwe awe macho: nyama yake imeingia mpaka kwenye mboga na maharage. Sema «sin cerdo», kisha uliza tena. Mtaa wa Russafa, nyuma ya stesheni, una maduka ya nyama ya halali kwa anayepika mwenyewe.

Saa sita kasorobo uwe umeshasimama mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, upande wa Plaza de la Virgen. Kengele ikipiga saa sita, wazee wanane waliovaa joho jeusi wanatoka na kuketi kwenye viti vya mbao na ngozi vilivyopangwa duara. Hii ndiyo Tribunal de las Aguas, mahakama ya maji ya wakulima wa mashamba yanayouzunguka mji. Wao ni wakulima pia, wamechaguliwa na wenzao, kila mmoja anawakilisha mfereji. Mtumishi wa baraza anaita kwa Kivalencia washitakiwa wa mfereji wa Quart, kimya. Wa mfereji unaofuata, kimya. Mpaka mifereji yote iishe. Siku nyingi hakuna kesi, na wazee wanainuka baada ya dakika chache. Hapo ndipo wageni wangu hugeuka kuniuliza, «Ndiyo hiyo tu?» Ndiyo hiyo. Kesi ikiwepo, yote ni kwa mdomo, hakuna wakili, hukumu inatoka palepale na haikatiwi rufaa. Mwenyekiti huonyesha kwa mguu nani aseme. Mfumo wa mifereji wenyewe una mizizi katika karne za utawala wa Waislamu, na mwaka 2009 UNESCO iliitambua mahakama hii kama urithi usioshikika. Usipowahi utaona visogo vya watu.

Baada ya hapo panda mnara wa Micalet, ngazi 207 nyembamba za kuzunguka, uuone mji wote na kuba zake za vigae vya bluu. Ndani ya kanisa kuu kuna kikombe kinachoheshimiwa kama kile cha Karamu ya Mwisho. Mimi, kama una muda wa kanisa moja tu, nakupeleka San Nicolás, dakika chache kwa miguu. Nje halionekani, limebanwa na nyumba. Ndani dari lote limechorwa na Dionís Vidal kwa mpango wa Antonio Palomino, mwishoni mwa karne ya 17. Shingo itauma. Keti kwenye benchi, uegemee.

Mto usio na maji

Kuna daraja baada ya daraja katika mji huu na chini yake hakuna maji. Tarehe 14 Oktoba 1957 mto Turia ulifurika, ukaua watu wengi na kuzamisha mitaa. Serikali ikauchimbia mkondo mpya kusini mwa mji. Mkondo mkavu ulipangiwa barabara kuu ya magari. Wananchi wakakataa, wakadai bustani, wakaipata. Leo ni kijani kitupu kwa takriban kilomita tisa, chini ya usawa wa barabara, huvuki taa hata moja. Kodi baiskeli asubuhi, anzia minara ya Serranos uelekee baharini. Mwenye watoto asimame kwenye Gulliver, jitu kubwa lililolala chini, watoto wanalipanda na kuteleza kwenye nguo zake. Bure.

Mkondo huo mpya ndio uliolinda katikati ya mji tarehe 29 Oktoba 2024, wakati mafuriko yalipoua watu zaidi ya 200, wengi wao katika miji ya kusini kama Paiporta na Catarroja. Watu wengi unaokutana nao hapa wana ndugu au rafiki kule. Usiende huko kupiga picha za uharibifu.

Bustani inaishia karibu na Ciudad de las Artes y las Ciencias, majengo meupe ya Santiago Calatrava, pamoja na Oceanogràfic, jumba la viumbe wa baharini, ambayo paa zake zilibuniwa na Félix Candela. Ushauri wangu hapa ni mfupi: kuzunguka nje ni bure na kunatosha, nenda jua linapozama. Tiketi lipia ya Oceanogràfic peke yake, na uipe nusu siku nzima.

Wali, lakini mchana

Paella ni chakula cha mchana, na cha Jumapili hasa. Ile ya asili ya hapa haina samaki wala kamba. Ina kuku, sungura, maharage mabichi mapana, maharage makubwa meupe yanayoitwa garrofó, nyanya, zafarani, wakati mwingine na konokono. Usiyetaka konokono sema wakati wa kuagiza. Mwenyeji akiona picha ya paella yenye soseji atakuhubiria, msikilize tu.

Nenda kuila kule mchele unakolimwa. Basi la manispaa namba 24 linakwenda El Palmar, kijiji kilicho katikati ya mashamba kando ya ziwa Albufera, kusini mwa mji. Piga simu siku moja kabla kuagiza, kwa sababu paella nzuri haipikwi mapema ikakungoja, na kwa kawaida hawapiki ya mtu mmoja. Omba ya kuni. Inaletwa na sufuria lake pana mezani; wenyewe hula humohumo kwa kijiko cha mbao, kila mtu anakaa kwenye pembe yake na havuki mpaka. Chini kuna ukoko mwembamba uliokauka, wanauita socarrat, na hapo ndipo urafiki hupimwa. Ukwangue polepole, ule wenye harufu ya moshi na mafuta, si ule ulioungua ukawa mweusi. Mpishi anayeleta wali bila ukoko sirudi kwake.

Mashamba hubadilika mwaka mzima: kiangazi ni kijani kibichi, Septemba wanavuna, na majira ya baridi wanayafungulia maji mpaka ziwa linaonekana halina mwisho. Baada ya kula panda mashua. Ziwa lina kina kama cha mita moja tu, zamani mashua zote zilisukumwa kwa upondo. Panga safari ya machweo, na kabla ya yote piga picha ratiba ya basi la kurudi kituoni. Jioni yanapita machache. Nimewakuta watu kando ya barabara ya El Saler, wamechomwa na jua, wanagombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu nani alisema lipo la saa nne.

Fallas: wiki ya moto

Sasa tuje kwenye lenyewe. Kuanzia Machi 15 hadi 19 mji huu haufanyi kazi nyingine. Kila mtaa una kamati yake, na kila kamati inasimamisha sanamu mbili, kubwa na ya watoto. Sanamu yenyewe nayo huitwa falla, na kubwa ni karibu 400. Wanazitengeneza mwaka mzima, nyingine zinapita urefu wa ghorofa kadhaa, zinawasimanga wanasiasa na majirani, halafu usiku wa Machi 19 zote zinachomwa. Wenyewe husimulia kwamba ilianza na maseremala waliochoma mabaki ya mbao siku ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wao. Vikaragosi viwili tu vya kwenye sanamu hizo vinanusurika, kikubwa na cha watoto, kwa kura za watu waliokwenda kwenye maonyesho; vya miaka iliyopita viko Museo Fallero, na ukija mwezi mwingine anzia huko. UNESCO iliitambua sherehe mwaka 2016.

Huna haja ya tiketi wala ya kukaa siku zote tano. Kama una siku mbili, chagua 18 na 19. Kama unaogopa msongamano, njoo mapema Machi, kwa sababu mascletà inapigwa kila siku kuanzia tarehe mosi, saa nane kamili mchana, Plaza del Ayuntamiento. Hiyo ndiyo ninayompeleka kila mgeni. Si fataki za kutazama, ni za kusikiliza: baruti inaning'inizwa kwenye kamba ndani ya uzio, inalipuliwa kwa mpangilio, kama ngoma inayoanza polepole na kuongeza kasi.

Fika saa saba mchana. Simama mwanzoni mwa mtaa unaoingia uwanjani badala ya katikati kabisa, ili uwe na pa kutokea. Vua miwani kama imelegea. Saa nane, kutoka roshani ya ukumbi wa jiji, msichana aliyevaa hariri, Fallera Mayor, malkia wa sherehe, anatamka «Senyor pirotècnic, pot començar la mascletà», yaani fundi wa baruti aanze, na watu wanashangilia. Fumbua mdomo, usizibe masikio kwa vidole. Wenyeji wote hufanya hivyo ili masikio yasiumie. Mara ya kwanza utasikia mlio. Baada ya dakika chache husikii tena, unahisi: mbavu zinatikisika, soli za viatu zinatikisika, kioo cha dirisha nyuma yako kinaimba. Dakika ya mwisho wanaita tetemeko, na jina halijazidishwa. Kisha kimya, moshi mweupe, na watu wazima wanafuta machozi. Mtoto mchanga, mjamzito na mwenye moyo dhaifu wabaki mbali. Mtoto mkubwa mvalishe vizibo vya masikio.

Tarehe 17 na 18, mchana hadi baada ya saa sita usiku, wanawake kwa wanaume waliovaa mavazi ya kale wanaandamana na bendi zao kumpelekea maua Bikira Maria, Mare de Déu dels Desamparats. Maua yanachomekwa moja baada ya jingine kwenye fremu ya mbao mpaka yanakuwa vazi lake. Usisimame kwenye njia kuu pamoja na umati. Nenda karibu na Plaza de la Virgen, uwaangalie wanapotoka. Wanaingia wakitabasamu kwa ajili ya kamera, wanatoka wakilia.

Usiku wa 19 ndio Cremà, uchomaji wenyewe. Sanamu za watoto zinawashwa saa mbili usiku, kubwa saa nne, ya manispaa saa tano. Kosa la wageni ni kutaka kuona ile ya manispaa tu. Unasimama kwa muda wa saa tatu nyuma ya maelfu ya vichwa. Mimi nawapeleka kwenye falla ya mtaa wa kawaida, Benimaclet ninakoishi au kwingineko, ambako unasimama karibu mpaka uso unawaka. Angalia upepo kwanza. Sanamu za siku hizi zina povu jeupe la plastiki, na moshi wake ni mzito, mweusi, unashika koo. Simama upande upepo unakotoka, vaa nguo za pamba, nywele za bandia zifunge ndani ya kitambaa. Zimamoto wanamwagilia kuta za nyumba kabla ya kuruhusu moto, kwa hiyo ucheleweshaji ni wa kawaida.

Mengine ya wiki hiyo kwa haraka: barabara zinafungwa, teksi haikufikii, metro hukesha. Vituo vya metro vya Xàtiva na Colón hufurika, shuka Àngel Guimerà utembee. Watoto wanarusha baruti ndogo barabarani tangu asubuhi, hakuna atakayekuomba radhi. Hoteli zinapanda bei sana; lala katika miji ya jirani, Sagunto au Xàtiva, uje kwa treni. Kula buñuelos, maandazi ya boga, zikiwa za moto, zile zinazokaangwa mbele yako. Na mkoba uwe mbele, zipu imefungwa, kwa sababu wezi nao wanaipenda mascletà.

Sherehe nyingine, kwa anayekosa Machi

Wiki ya Pasaka nenda Cabanyal, mtaa wa wavuvi. Usiku wa kuamkia Jumapili watu wanamwaga maji na kurusha vyombo vikuukuu kutoka madirishani, kwa hiyo tembea katikati ya barabara. Juni 23 usiku ni moto ufukweni Malvarrosa, na kuruka mawimbi ikifika saa sita. Jumapili ya mwisho ya Julai kuna Batalla de Flores kwenye Paseo de la Alameda, iliyoanza 1891: magari ya mapambo yanapita, wasichana waliomo wanajikinga kwa raketi za tenisi, watu wanawarushia maua kwa mamia. Inachekesha kuliko sherehe zote za hapa. Oktoba 9 wanakumbuka mfalme Jaume I alivyoingia mjini mwaka 1238, na wanaume huwapa wapenzi wao kitambaa cha hariri kilichofungiwa matunda madogo ya marzipani.

Kutoka nje ya mji

Alasiri ya joto, usihangaike mbali. Alboraya iko jirani, metro inafika. Huko ndiko wanakolima chufa, viazi vidogo vya mmea wa jamii ya ndago, wanavisaga na kukamua maziwa matamu ya horchata. Agiza iliyoganda nusu, na mkate laini wa farton wa kuchovya. Haikai; ya chupa dukani ni kinywaji kingine kabisa.

Kwa siku nzima chagua moja: Xàtiva au Sagunto, zote kwa treni za Cercanías kutoka Estació del Nord, na usiende Jumatatu. Stesheni hiyo ya 1917, iliyopambwa machungwa ya vigae, fika mapema uitazame.

Sagunto ni karibu nusu saa. Ina jumba la maonyesho la Warumi na ngome ndefu juu ya kilima. Hannibal, jemadari wa Karthago, aliuzingira mji huu mwaka 219 kabla ya Kristo, na vita vya pili kati ya Roma na Karthago vikaanzia hapo. Ngome haina kivuli. Panda asubuhi, na maji yako.

Ningekuwa na siku moja ningeitumia Xàtiva. Treni inachukua kama saa moja. Ngome yake inapanda juu ya mgongo wa mlima, sehemu mbili, na kupanda kwa miguu kunamchosha hata kijana. Chukua teksi kwenda juu, ushuke kwa miguu. Hapa ndiko walikotokea Waborgia, ukoo uliotoa mapapa wawili, Calixto III na Alejandro VI. Baada ya kushuka ingia makumbusho ya Almodí. Mwaka 1707 majeshi ya mfalme Felipe V yaliuchoma mji, na wenyeji hawajasahau: picha yake imetundikwa kichwa chini, miguu juu. Mlinzi ukimuuliza itageuzwa lini, anainua mabega.

La Tomatina ya Buñol, Jumatano ya mwisho ya Agosti, watu huniuliza sana. Ni saa moja tu ya kurushiana nyanya, kwa tiketi tangu 2013, na watu wanafika elfu ishirini kwenye vichochoro vya mji mdogo. Mimi siwapeleki wageni, lakini ukishikilia, nunua tiketi mapema, vaa viatu vya kufungwa vya kutupa, na miwani ya kuogelea, na uiponde nyanya mkononi kabla ya kuirusha, ndiyo sheria. Ukipigwa mlio wa pili, wa kumaliza, unaacha papohapo. Wenyeji watakumwagia maji kwa mipira mbele ya nyumba zao. Leta nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, la sivyo utasimama njia nzima ya kurudi.